Shangazi, Anauma?

Mtoto amebandika pua kwenye kioo.
Pumzi yake imechora wingu dogo,
na nyuma ya wingu amelala Bulan,
mita mbili na nusu, mkia na yote,
chini ya taa za joto, digrii thelathini na nane,
ilhali huku nje theluji inaiangukia Ostrava,
theluji ya kijivu, ya mji uliozoea makaa.

"Shangazi, anauma?"

Nina jibu la kazi. Limetundikwa ukutani:
Usigonge kioo. Mnyama huyu ni hatari.

Nina jibu la wataalamu, ni refu:
zamani walisema ni uchafu tu,
mate yaliyooza, nyama ya juzi katikati ya meno;
wakaja wengine na mashine zao, wakasema tumemsingizia,
kinywa si kichafu hivyo,
ila kwenye taya la chini mna vifuko,
na vifuko vina sumu inayoinong'oneza damu:
usigande, endelea na safari.
Hadi leo wanabishana.
Bulan habishani. Anapiga miayo.

Na ninalo jibu la Květoslav.

Alichimba makaa miaka kumi na tisa,
shimo likafungwa, akaja kwetu
na vidole vyake kumi, vyote vikikunja.
Ndiye aliyemfundisha Bulan kuufuata ufito wenye kibao chekundu,
gusa kwa pua, pokea panya,
geuka, rudi, kama kuruta uwanjani.
Alimkuna shingo kwa brashi ya sakafu
na yule kenge, Mungu wangu,
akafumba macho kama paka.

Tulimwambia: watu wawili, milango miwili.
Akacheka. "Huyu? Huyu ananijua."
Husemwa kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni.
Siku ile nilikuwepo,
na asiyesikia hakuwa na mkia.

Jumanne, saa nne kasorobo.
Alikuwa ameshika sungura wa chakula, hakunawa.
Basi. Hakuna kisa kingine.
Hapakuwa na hasira wala kisasi,
palikuwa na ulimi wenye ncha mbili
uliousoma mkono
ukasoma sungura.
Aling'ata mara moja, akaachia
kama mtu aliyefungua barua ya jirani kwa bahati mbaya.

Nilikandamiza kwa taulo. Taulo la pili. Koti langu.
Damu haikuruka kama ya sinema,
ilitoka tu, polepole, bila haya,
kama bomba la jikoni ambalo fundi anaahidi kesho.
Ndani ya gari la wagonjwa aliniomba nisisahau
kuzima ile taa ya pembeni,
inamchoma mgongo.

Daktari kijana alipiga simu Praha.
Praha nao wakapiga simu kwingine.
Wakashona, ikavuja. Wakashona tena.
Kulipokucha, ikaganda yenyewe,
kana kwamba imechoka kuulizwa.

Siku hizi huja Alhamisi na tiketi ya wastaafu,
hukaa benchi lile, upande huu wa kioo,
kidole cha kati kimenyooka kama cha mwalimu.
Bulan huinua kichwa.
"Unaona? Ananijua."
Mimi husema ni njaa.
Sijui. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja
na kwa kweli sijui.

Mtoto bado anangoja.

"Anauma," namwambia.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, nampa chakula kila wiki."

Anawaza. Anafuta wingu kwa mkono wa sweta,
anamtazama tena, kuanzia mkia, taratibu,
hadi penye jicho.

"Sasa mbona mmempa jina?"